Barabara ya Koko Imepotea Kwenye Kompyuta

Mpendwa Mama Pascasie, nishike mkono haraka maana Jumapili inakuja, mimi ni Ushindi, Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na pamoja na rafiki yangu Gad tumetengeneza mod, yaani kinyongeza cha kubadilisha gemu, na chetu kinaingiza barabara ya Uvira hadi Baraka ndani ya gemu ya malori, ziwa upande huu, milima upande ule, hata daraja bovu lipo, mama, hata mbuzi wakaidi wapo, tumewatengenezea mod yao! Koko wangu Apolline, bibi mzaa mama, hajaiona barabara hiyo tangu tukimbie, na ameshawaalika wamama wote wa kwaya waje kuitazama baada ya ibada.

Sasa jana nilifika chumba cha kompyuta cha vijana, nikachomeka flashi yangu yenye gemu, maana pale kompyuta ni ya wote na hakuna anayeacha mali yake, kila mtu hurudi nyumbani na flashi mfukoni, nikafungua ile programu ya kupanga mod, ikasema gemu haionekani, nikafungua pale ilipokuwa siku zote nikakuta nyimbo za kwaya za Gad tupu! Gad alikuwa ametoka kununua chapati, flashi yake bado imechomekwa, na aliporudi nikamwita mwizi mbele ya watu. Akasema, "Mi siyagusa bintu byako, Ushindi, hata kimoya," akaondoka, hata flashi akaiacha. Hatuongei, barabara sijui iko wapi, na koko ameshapiga pasi kitenge. Nifanye nini?

Ushindi, Nakivale

Ushindi binti yangu, hongera! Nimepiga vigelegele peke yangu hapa mtaani Nyamityobora hadi jirani akagonga ukuta. Halafu, aibu juu yako! Barabara haijapotea, na Gad si mwizi. Kompyuta huipa kila flashi herufi yake, kama namba ya nyumba. Ya Gad ilitangulia, ikachukua herufi uliyoizoea, yako ikapewa nyingine. Programu ikaenda kutafuta gemu kule kule ulikoionyesha zamani, ikakuta kwaya. Umeingia nyumba ya jirani, ukamlaumu kwa kutokiona kitanda chako. Hasira hasara, mwanangu.

Mwombe msimamizi ruhusa, unakili gemu na mod zote ndani ya kompyuta yenyewe, flashi ibaki na nakala. Najua, aliyekimbia mara nyingi hupenda mali yake iwe mfukoni, lakini programu hii inataka gemu yenye makazi ya kudumu. Fungua mipangilio yake, uionyeshe gemu ilipo sasa. Washa mod ya barabara peke yake, ikikubali ndipo uongeze mbuzi wako. Na gemu uianzishe kutoka ndani ya programu hiyo hiyo, la sivyo mod hazitawaka, utaendesha barabara za Wazungu siku nzima.

Ila kabla ya kugusa chochote, mpelekee Gad flashi yake. Ulimtukana hadharani, mwombe radhi hadharani, na chapati ununue wewe. Mwambie azipige zile nyimbo lori likikaribia Baraka. Kisha ondokeni kwenye kiti, koko akae, aendeshe mwenyewe. Akisema asimame hapa kidogo, msimharakishe.

Mama Pascasie