Sauti Ndani ya Tangi la Maji

Abti wangu Nuur,

Tangi limeondoka. Nimeona wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, ingawa umelala makaburini tangu kabla ya mvua zilizopita.

Nakumbuka siku ulipolileta. Garissa nzima ilijua una studio nyuma ya duka la vitambaa, na ilijua pia kwamba akili zako si timamu, maana uliwahi kurekodi kwato za ngamia ukazifanya ngoma. Lakini kununua tangi la lori bovu la maji, ukalikata mlango ubavuni na kutandika mkeka ndani! Jirani yetu Mama Fardosa alisimama getini akacheka mpaka akashika mbavu.

"Nuur, siku hizi nyimbo nazo zinakunywa maji?"

Ulinigeukia mimi, mtoto wa dada yako, ukaniita abti kama ninavyokuita wewe, ndivyo tulivyozoea Wasomali.

"Ingia, abti. Imba ule wa mama yako, wa kunywesha ngamia. Bole bole, usiharakishe."

Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Mama alikuwa amefariki mwaka ule, na sikuwa nimeuimba wimbo wake mbele ya mtu yeyote. Nilipotoa mstari wa kwanza, chuma kiliupokea, kikaurudisha kutoka pande zote, nikasikia wanawake wengi kisimani, na mama akiwa mmoja wao. Nilinyamaza, nikalia. Ulichungulia mlangoni, hedifoni shingoni, macho mekundu.

"Wallahi, na mimi nimemsikia," ulisema.

Tuliurekodi mpaka mwisho, na wimbo ule ulipigwa harusini, ukapigwa kwenye vibanda vya simu huko kambini Hagadera. Watu wa Nairobi walipokupigia kuuliza ni mashine gani iliyotoa mwangwi ule, uliwaambia ni tangi. Wakadhani unawaficha.

Kisha masikio yako yakaanza kufa. Hukuniambia, nilijua siku nilipokuita kwa nyuma na hukugeuka. Bado uliendelea kurekodi. Mimi nikiimba ndani, wewe nje uliegemeza shavu kwenye chuma, na nilipokosea ulijua, ukagonga. Wateja walisema hawawezi kumpa kiziwi nyimbo zao. Tukabaki wawili.

Ulipokwenda nikabaki mmoja. Niliingia tangini kila alasiri, si kuimba, kukaa tu.

Ndipo wazee wa Hulugho, jamaa zenu wewe na mama, walipokuja kuliomba tangi. Walisema visima vimekauka, lori la maji linafika lakini hawana pa kuyaweka. Mmoja wao alilipapasa tangi.

"Binti yetu, humu ndani kuna nini?"

"Mkeka tu," nikasema, nikautoa.

Fundi aliuziba mlango kwa kuuchomelea, lori likalibeba. Jana wamenipigia simu kwamba limejaa, na mbuzi wanakunywa. Nilifurahi, abti, nilifurahi kweli. Halafu simu ikakatika na nyumba ikawa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia.

Nikatoka uani, nikasimama pale pale lilipokuwa tangi, nikaimba ule wa mama. Sauti ilipita juu ya ukuta, ikaenda. Nilisubiri. Haikurudi.

Allah akupe nuru huko uliko, abti.

Mpwa wako,
Hodan