Lenzi Niliyoiweza

Mdogo wangu mpenzi,

Hapa hatujambo, na paka amezaa tena. Nimebadilisha lenzi ya kupigia picha ndege. Muuzaji alining'ang'aniza nichukue ile kubwa: "Mama, hizi nyepesi ni za wanaoanza." Nikaziinua zote mbili, moja moja. Kubwa ilinitetemesha mkono, nyepesi ikatulia. Nikachukua nyepesi.

Sikukwambia kwamba mwezi wa tatu nilitolewa titi la kushoto, na mkono huo umepungua nguvu. Niliogopa ungeacha mitihani yako. Sasa nimepona.

Jana, bila stendi, nilimnasa mdiria akichomoka majini na samaki mdomoni, kila unyoya unaonekana! Picha imo humu. Itundike sebuleni, na wageni wakiuliza, waambie ameipiga dada yako, kwa mikono yake.

Ni mimi,
Dada yako