Kinini ya kugawa

Kasongo, siku ya ine, jioni.

Bado nacheka peke yangu, lakini hasira iko palepale.

Mama Mwamini amerudi leo kwangu disipansere akitetemeka na homa. Kinini, dawa ya malaria niliyomupa juzi, ilikuwa yake peke yake, ameze mpaka iishe. Akaigawa! Muke mwenza moja, kila mutoto moja, hata jirani.

"Munganga, nimeze peke yangu, wenzangu wananiangalia? Mimi si muchoyo."

Nimemupa ingine, atakuwa anameza mbele yangu. Homa yake inaniogopesha.

Halafu nikajifanya mujanja. Nikatangaza kwamba kila mutu aliyemeza kinini ya Mama Mwamini atapigwa sindano ya matako. Nilizani watakimbia, wasimeze tena dawa ya mwenzao.

Nilisahau namna watu wetu wanavyopenda sindano! Kufika alasiri mulango umejaa, kila mutu anaungama. Hata watu wa kijiji cha Lusangi, wasiomujua kabisa huyo mama.

Na mwisho wa mustari, nani? Mama mukwe wangu, ambaye kwa heshima simutazami hata usoni.

"Mukwe," akasema, anageuka taratibu, "mimi nilimeza mbili."