Ubapa Unaoegemea Kushoto

Matungu
Jumapili, 4 Mei 2025

Kwa binti yangu Sumaiya,

Assalaam alaykum. Imamu Jamal alitangaza Ijumaa baada ya swala kwamba nisichinjie mtu yeyote mpaka kisu changu kitengenezwe. Hakunitaja kwa jina. Alisema "mzee wetu wa kuku", na watu wakainamisha macho kwenye mkeka. Mimi sikusikia neno. Masikio yangu sasa yanapata ngurumo tu, ndiyo maana hata simu nimeacha. Kakako Swaibu alinieleza tulipofika nyumbani, na ndiye anayeniandikia, kwa sababu mimi kama unavyojua nilisoma chuo cha Kurani tu na herufi zangu ni za Kiarabu.

U hali gani huko mjini Kakamega? Cherehani za watu zinaharibika vya kutosha upate riziki? Hapa ni wazima. Mahindi yamefika magotini. Mvua ipo. Hali yangu ni nzuri.

Mambo yalianza hivi. Jirani yetu Kageha alipokea wakwe. Yeye na mumewe Cornelius ni watu wa kanisa, lakini tangu tuhamie hapa hawajawahi kuchinjia wageni bila kuniita, ili na watu wetu wale. Kuku wa kwanza alikwenda sawa. Wa pili nilimpitishia kisu, nikamwachia, akasimama. Akakimbia na shingo imefunguka nusu mpaka chini ya kiti cha mkwe mkubwa. Kageha alipiga kelele hata mimi nikasikia. Huyo kuku, ingokho kama wanavyomwita wao, alipewa mbwa.

Kisu ni kile cha kukunja cha marehemu baba yangu, chenye mpini wa pembe. Ubapa haukai tena katikati. Unaegemea kushoto, na kila ukifungwa makali yanakwaruza bamba la shaba lililo ndani ya mpini. Ninanoa asubuhi, jioni kuna pengo. Kisu chenye pengo kinamtesa mnyama, na hilo halina mjadala.

Nakutumia na Chrispinus wa boda. Kinyooshe. Usikipeleke kwa wafua majembe, watakitia motoni.

Babako,
Husseini

Dada, hapa ni Swaibu kwa niaba yangu mwenyewe. Mzee amesema niandike kwamba hali yake ni nzuri. Nimeandika.

*

Kakamega mjini
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kwa Baba,

Wa alaykum salaam. Mimi ni mzima, cherehani zinaharibika, alhamdulillahi. Kanzu za harusi za Agosti tayari zimeanza kuvunja sindano za watu.

Kisu nimekitengeneza. Nakueleza nilichofanya ili Swaibu akusomee polepole.

Nilikielekeza dirishani kikiwa kimefungwa, nikachungulia kutoka nchani. Upande wa kulia mwanga ulipita, wa kushoto haukupita. Nikakifungua nusu, bado kinaegemea. Nikaweka rula juu ya ubapa: umenyooka. Kwa hiyo kasoro haiko kwenye ubapa. Iko chini, pale shina lake linapoingia kwenye mpini. Ribiti, yaani ule msumari unaoshika shina, imelegea, na shina limepinda kidogo kwenda kushoto.

Kwanza nilikaza ribiti kwa nyundo ndogo, nikigonga kuzunguka kichwa chake. Kisha nikabana shina kwenye jiliwa, katikati ya vipande viwili vya mbao laini, nikausukuma mpini kidogo sana. Nikatoa, nikaangalia, nikarudia. Chuma cha shina ni laini, kinakubali. Chuma cha makali hakikubali, hukatika kama sindano. Nilipomaliza, kipande cha gazeti kilipita pande zote mbili. Pengo nimelimaliza kwenye kinoo.

Nimekipaka mafuta ya cherehani. Ukikifungua, tia ukucha kwenye kile kijishimo na uvute moja kwa moja. Kisisukumwe kwa ubavu.

Nani anakishika zaidi yako?

Bintiyo,
Sumaiya

*

Matungu
Jumatatu, 16 Juni 2025

Kwa binti yangu Sumaiya,

Assalaam alaykum. Natumaini sikukuu ya kuchinja ilikukuta salama. Hapa tulikula vizuri. Anayeandika leo ni Mwalimu Ayesha wa madrasa. Sababu utaiona hapa chini.

Kisu kilirudi kama kipya. Imamu alikijaribu kwenye nywele za mkono wake, akatikisa kichwa kukubali. Nilichinja kuku wa watu wawili siku hiyo hiyo. Sikukuu ilipofika nikachinja mbuzi wa majirani, ingawa yule wa mwisho alimalizwa na Imamu. Alisema nilikuwa nimechoka.

Sasa kinaegemea tena. Kushoto vilevile.

Nilimuuliza Swaibu kama amefungulia kopo la rangi kwa kisu changu. Alikuwa anapaka rangi milango ya Imamu wiki hiyo. Akasema, "Baba, kama unaona ni mimi, basi ni mimi." Hilo ni jibu la mtoto kwa mzazi? Nilimwambia mtu anayeharibu kisu cha babu yake hawezi kulala chini ya paa moja nami. Alichukua begi akaenda Mumias. Nasikia yuko kwa mafundi wa kuchomelea mageti.

Chrispinus anakuletea kisu. Kaza hiyo ribiti zaidi. Labda safari ya kwanza ulikuwa na huruma nayo.

Babako,
Husseini

*

Kakamega mjini
Jumamosi, 21 Juni 2025

Kwa Baba,

Wa alaykum salaam. Mimi ni mzima. Msalimie Mwalimu Ayesha na umshukuru kwa kuandika.

Ribiti haikulegea. Iko kama nilivyoiacha. Shina ndilo limepinda upya, mahali palepale.

Swaibu hakukitumia kwenye kopo. Anayebandua kifuniko cha kopo hutumia ncha, na ncha imenyooka. Hakuna chembe ya rangi kokote, wala kwenye ribiti, na nimeangalia kwa kioo cha kukuzia.

Nilichoona ni hiki. Kijishimo cha ukucha bado kina mafuta niliyopaka mwezi uliopita, yameshika vumbi, hayajaguswa. Hakuna ukucha ulioingia humo. Halafu ubavu wa kulia una mikwaruzo mipya iliyolala upande mmoja, kama ya saruji. Mtu anakibana kisu kwenye ukingo wa kitu kigumu na kukizungusha mpaka kifunguke. Ukingo wa baraza letu ni wa saruji. Anafanya hivyo kila siku, na kila siku shina linasogea kidogo.

Anayefanya hivyo ni mtu ambaye kidole gumba chake hakina nguvu.

Baba, unakifungua kwa mkono gani? Na mkono wa kulia una nini?

Kisu kimenyooka, lakini nitakaa nacho mpaka unijibu.

Bintiyo,
Sumaiya

*

Matungu
Ijumaa, 27 Juni 2025

Sumaiya,

Rudisha kisu changu.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilikuwa barazani. Kageha alikuwa amekuja na shemeji zake kuniambia kwamba Cornelius amefariki, kwamba mazishi ni Jumamosi tarehe 5 Julai, na kwamba marehemu alisema mwenyewe hospitalini kuwa kuku wa wazee wasipochinjwa na Husseini wasiliwe. Nilikuwa bado nawapa pole. Chrispinus akaleta barua, nikampa Ayesha asome, nikidhani ni habari ya ribiti.

Unajua namna ya kunisomea. Ni lazima mtu apaaze sauti kama anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Ayesha alisoma hivyo. Alipofika kwenye kidole gumba alisita, akaniangalia. Nikamwambia, "Soma, mbona unanyamaza?" Akasoma. "Na mkono wa kulia una nini!" Waliokuwa kisimani walisikia. Mbuzi walisikia.

Kageha akasema, Ayesha ameniandikia baadaye kwa herufi za Kiarabu ili nijue: "Kumbe ni mkono! Na sisi tulikuwa tunalaumunga kisu." Shemeji yake mmoja akamwambia, "Nyamaza, mama, mzee yuko hapa." Akajibu, "Si hasikii?"

Walinywa chai wakaondoka. Hawakusema kama bado nachinja au sichinji.

Mimi ndiye niliyekufundisha kunoa. Kisu hicho si chako wewe wala si cha Swaibu. Mpe Chrispinus.

Husseini

Sumaiya mwanangu, mimi Ayesha naongeza kwa ruhusa yangu mwenyewe. Hajala vizuri tangu Jumanne. Nisamehe kwa sauti yangu.

*

Kakamega mjini
Jumanne, 1 Julai 2025

Kwa Baba,

Assalaam alaykum. Barua hii nimeiandika kwa herufi za chuoni ulizonifundisha, uisome peke yako. Ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mwandiko ni mbaya, mkono wangu umezisahau. Niwie radhi kwa yaliyotokea barazani.

Pole kwa Mzee Cornelius. Mungu awape nguvu Kageha na watoto.

Swaibu alikuja kibandani kwangu Jumapili. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akala mandazi yangu yote, ndipo akazungumza. Nilimuuliza kwa nini alikubali kosa ambalo si lake. Akasema, "Ningesema nini? Kwamba tangu Ramadhani mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya kanzu? Kwamba kikombe anashika kwa kushoto, na akiona mtu anakihamishia kulia na kumwaga? Aliniambia nikimwambia yeyote nisimwite baba. Sikumwambia yeyote. Bado akanifukuza."

Nilimwambia arudi nyumbani. Akasema, "Sikuondoka kwa kutumwa na wewe."

Sasa kuhusu kisu. Nakituma pamoja na barua hii. Kimenyooka na kinakata. Lakini nakueleza kama fundi: shina limepinda mara mbili na kunyooshwa mara mbili. Chuma kinachokunjwa mahali pamoja huchoka. Mara ya tatu hakitapinda, kitakatika, na huenda kikakatika ukiwa na mnyama mkononi na jina la Mungu mdomoni. Sitakinyoosha tena.

Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kisu kikishaanza kupita hakiinuliwi mpaka kazi iishe. Kama mkono unakiinua bila wewe kutaka, Imamu anapaswa kusikia hilo kutoka kwako kabla ya Jumamosi. Watu wengi watakula siku hiyo, na wakwe wa Kageha bado wanazungumza kuhusu yule kuku.

Nikiwa na nafasi ningekuja. Mwenye kibanda ameniwekea cherehani za watu mpaka tarehe 12.

Bintiyo,
Sumaiya

*

Matungu
Jumanne, 8 Julai 2025

Kwa binti yangu Sumaiya,

Assalaam alaykum. Daktari wa zahanati ya hapa alinipima jana. Alisema huenda ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, na kwamba yeye hawezi kuuthibitisha. Alinitaka niguse pua yangu, kisha kidole chake, kisha nizungushe mkono kama anayefungua mlango. Wa kushoto ulifanya. Wa kulia ulianza ukasimama. Aliandika barua ya kwenda hospitali ya rufaa hapo Kakamega.

Barua yako nilisoma mwenyewe. Herufi yako ya "kaf" inaelekea kuanguka, lakini nilisoma yote. Hii anaandika Ayesha, hakuna tena la kumficha.

Sikumwambia Imamu kabla ya Jumamosi. Nilikwenda mazishini na kisu mfukoni. Ng'ombe walikuwa wamechinjwa asubuhi na vijana wa msikiti. Kuku wa wazee walikuwa wamebaki, wamefungwa miguu nyuma ya jiko. Imamu alisimama pembeni yangu. Nilitia ukucha kwenye kijishimo kama ulivyosema. Haukuvuta. Nikajaribu tena. Hapakuwa na ukingo karibu, lilikuwa jiko la nyasi na udongo. Wanawake waliacha kumenya ndizi. Hakuna aliyecheka, na ningependelea wangecheka.

Imamu alinyoosha mkono. Nikampa. Alikifungua mara moja, akasema Bismillahi, akachinja wote. Hakuna kuku aliyesimama. Kisu kilikata vizuri.

Wakati wa chakula Kageha aliniletea firigisi kwenye sahani. Unajua kwa Waluhya ni ya mzee wa heshima, na kwa miaka yote hiyo imekuwa ikija kwangu. Nilimsogezea Imamu. Akairudisha kwangu. Nikairudisha kwake. Mwishowe ilibaki katikati ya meza, na waliotoa vyombo waliiondoa ikiwa imepoa. Cornelius angetutukana sote wawili.

Kisu nimekiacha kwa Imamu. Alisema atakirudisha nikipona. Nilimwambia asiseme hivyo.

Kwa Swaibu nilimtuma Chrispinus. Alirudi na jibu: "Mwambie mzee nimesikia, lakini nimesikia kwa mtu wa boda." Ana haki. Nilimfukuza kwa mdomo wangu. Mumias si mbali, lakini kwa sasa nikipanda boda siwezi kushikilia chuma cha nyuma, kwa hiyo itabidi nipate gari. Nitakwenda nikitoka kwako. Sijui kama atanifungulia.

Omba ruhusa kwa mwenye kibanda. Ayesha atanipandisha gari hapa Matungu saa kumi na mbili asubuhi, na wewe unipokee stendi. Miadi ni Alhamisi, tarehe 17 Julai, saa mbili asubuhi.

Babako,
Husseini