Krismasi Hii Usilete Sukari

Kwa Ezron Mwasomola,
Lupepo,
S.L.P. 74,
Tukuyu.

10 Novemba 1996

Mpendwa Mama Mkubwa Veronika,

Shikamoo. Habari za Turiani na joto la huko? Baba mkubwa Wilson anaendeleaje na mgongo wake? Na kaka Amoni, ameshaizoea kazi ya karakana au bado anarudi nyumbani akilalamikia mikono?

Sisi huku tunamshukuru Mungu, tunapumua. Mvua imewahi mwaka huu na ukungu unashuka hata mchana. Nguo hazikauki, sare ya shule naivaa ikiwa bado na unyevu. Baba yumo katika ndizi zake. Tangu wachuuzi wa Dar es Salaam waanze kufika na malori hadi njia panda yetu, hakai nyumbani sana, na mara nyingine husafiri nao hadi huko.

Ile sukari uliyompa dereva ilifika salama. Mama anasema ndaga fijo, nami naongeza asante yangu. Ni kwa ajili ya sukari hiyo, na kwa ajili ya mama, nimeketi kukuandikia. Ana kwa ana nisingeweza. Unanijua, mbele ya wakubwa maneno hunikwama.

Unakumbuka mama alivyoanguka shambani kwenye chai, muda mfupi baada ya kumzika bibi. Tulipompeleka hospitali ya Igogwe wakakuta presha imepanda sana. Muuguzi alimweleza kwa upole kwamba dawa peke yake hazitoshi, lazima apunguze mwili, aache mafuta na chumvi nyingi, na chai aizoee bila sukari. Mama alikubali palepale. Bibi aliondoka kwa kiharusi, na mama ndiye aliyemlisha kwa kijiko hadi mwisho. Hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Na aliweza, mama mkubwa. Kujinyima alikuweza. Kilichotushinda kilikuwa kufurahi. Siku ya kwanza mzani ulipoonyesha amepungua, alitoka pale akiwa na furaha kama binti aliyefaulu mtihani. Tulipofika mjini akaingia kwenye hoteli ya karibu na stendi, akaagiza chai ya maziwa na chapati mbili. Nilipomtazama akasema, "Usinitolee macho, mwanangu. Nimefanya kazi, nami nilipwe." Nyumbani baba aliposikia habari njema akachinja jogoo. Mama Meshaki, jirani yetu, akaleta maziwa ya mgando ya kumpongeza. Safari iliyofuata mzani ulikuwa umerudi pale pale. Hapo ndipo nilipoona kwamba sisi hatujui kumpongeza mtu bila kubandika sufuria.

Shuleni kwetu maktaba ni chumba kidogo, na mimi ndimi niliyepewa ufunguo kwa sababu siendi uwanjani. Humo nilikuta jarida la afya lililochanika jalada. Liliandika kwamba mtu anayepunguza mwili ajipe zawadi zisizo za chakula: matembezi, kuoga maji ya moto kwa starehe, muziki, nguo mpya. Nikamsomea mama jikoni. Alicheka hadi akakaa chini.

"Matembezi?" akasema. "Nitoke sokoni na beseni la ndizi kichwani nimepanda mlima wote huo, halafu zawadi yangu iwe kutembea tena? Waliokuandikia hayo wanaishi tambarare."

Hata hivyo tulijaribu. Muziki ulikufa pamoja na betri za redio. Maji ya moto aliyapenda, lakini hayaji yenyewe. Kuni zimelowa, na anayeteka na kupuliza moto ni mimi. Mwisho tukaacha kuoga, ikawa miguu tu. Jioni akitoka shambani namwekea beseni la maji ya moto, anatumbukiza miguu, nami namsomea. Vitabu vyangu vya shule ni vya Kiingereza, kwa hiyo nasoma huku nikitafsiri. Alichagua jiografia. Nilianza na mashamba ya ngano ya Kanada, akanisimamisha, akasema ngano inamkumbusha mkate, nitafute mahali pasipo na chakula. Tukahamia milima na barafu. Huko alitulia, na mara nyingi alisinzia miguu ikiwa majini. Nadhani hizo ndizo saa pekee ambazo hakuna mtu aliyemwita kumwomba kitu.

Zawadi kubwa ilitoka kwa Mwanahalima, yule rafiki yake anayeuza mitumba mjini. Alimwekea kando gauni la buluu lenye mkanda, dogo kuliko mwili aliokuwa nao mama, akamwambia litamngoja. Kila mama alipopita sokoni, Mwanahalima alimpimisha nyuma ya turubai, na kila mara zipu ilipanda zaidi kidogo. Siku ilipofika juu, Mwanahalima alipiga kigelegele mpaka wanunuzi wakageuka. Mama alirudi nyumbani amelibeba kifuani. Siku hiyo hakukumbuka hata chapati.

Alilivaa Jumapili kanisani. Nilitembea nyuma yake nikimwangalia, na ninakiri nilijivuna.

Mama mkubwa, wewe ni mtu wa hapa, unajua tunavyosalimiana. Mtu aliyenenepa tunampa hongera, aliyekonda tunampa pole. Siku hizi pole hiyo imebeba jambo jingine zito, kwa sababu ya ugonjwa huu unaomaliza vijana na wazazi wao. Karibu kila kitongoji kina msiba wake. Pale mlangoni mwa kanisa Mama Meshaki alimshika mama mikono yote miwili, akasema, "Jamani Mama Lugano, unatuishia hivihivi sisi tunaangalia tu?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa na machozi.

Mama aliwaeleza wanawake waliokuwa pale habari ya presha. Waliitikia, ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa. Wiki hiyohiyo wanawake wakaja nyumbani na mayai, ndizi na maziwa. Waliketi wakizungumza kwa sauti ya chini, kama tunavyoketi kwa mtu ambaye hatutegemei kumwona tena. Mmoja aliniuliza nje kama baba akienda Dar es Salaam na ndizi hukaa huko muda mrefu.  Niliingia ndani nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Baba alijaribu kumtetea mama. Wakasema atasema nini tena, si lazima afiche.

Tangu hapo gauni liko sandukuni. Mama anajifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine, ili aonekane mnene. Anakula yale mayai, anataka ndizi ziungwe kwa mafuta, na chai anaitia sukari yako hadi kijiko kinasimama. Beseni la miguu amelikataa. Juzi Igogwe presha ilikuwa imepanda tena. Tukiwa njiani nilimwuliza kwa nini anafanya hivi na yaliyompata bibi aliyaona. Alitembea mbele yangu mpaka kwenye daraja. Kisha akasema, "Bora nife nikiwa mtu, Tusekile, kuliko kuishi watu wakinihesabia siku."



Nimechoka, mama mkubwa. Sisemi kwa kumlaumu mtu. Napika sufuria mbili, moja ya nyumba na moja ya mama, halafu ile ya mama inarudi haijaguswa. Mtihani wa muhula unakuja na usiku ninasinzia juu ya daftari. Kaka Lugano yuko Mbeya, akija anakula na kuondoka. Ninamtunza mama kama mwanangu, na sijui kumlea mtu mzima.

Ndiyo maana nakuomba mambo mawili. La kwanza, ukija Krismasi usilete sukari, wala biskuti, wala ule mchele wa Turiani. Naona haya kuandika hivi kwa mkubwa, lakini nimeandika.

La pili ndilo kubwa. Siku ya kufika kwako watu watajaa uani kukulaki, na Mama Meshaki atakuwa wa kwanza. Wote watakutazama wewe unamtazamaje mdogo wako. Neno langu ni la mtoto, la baba ni la mume. La kwako ni la dada aliyezaliwa tumbo moja naye, aliyemwona bibi akiondoka. Usimpe pole. Simama palepale uani, kabla hujaingia ndani, umwambie amependeza, na useme kwa sauti kwamba bibi naye angepungua hivi tungekuwa naye leo. Jarida halikuandika zawadi ya namna hiyo, lakini nadhani ndiyo anayoingoja. Nyingine zote nimempa, hazikutosha.

Gauni nimelitoa kimya kimya, nimelipiga pasi ya mkaa na kulirudisha sandukuni. Bado litamwenea, tukiwahi.

Jana aliponiona natafuta bahasha aliniuliza kama nadhani dada yake atashtuka akimwona alivyokonda. Nikamjibu kwamba hutashtuka hata kidogo. Tafadhali, mama mkubwa, usishtuke.

Mfikishie baba mkubwa Wilson shikamoo yangu, na Amoni umwambie kamusi aliyoniachia bado naitumia. Mbusu Jairo mdogo. Baba na Mwanahalima wanakusalimu, na mama anasema uje na kitambaa cha kichwa, huku baridi. Mungu akulinde njiani, akufikishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mwanao akupendaye na akungojaye,
Tusekile