Mgongo wa Koti la Mwalimu Mwakio

Jumatatu, 1 Septemba 1924

Kanzu mbili zimekwisha. Ya tatu imebaki tarizi ya shingo. Mafuta ya cherehani yameisha tangu juzi, natumia ya nazi, na duka zima linanukia wali. Vumbi la Voi limeingia kwenye ile ya tatu. Nimeifua kabla mwenyewe hajaivaa.

Karani wa stesheni alipita asubuhi na tarbushi kichwani, na juu ya tarbushi kofia ya kizungu. Nikamwambia achague moja. Akanuna. Jioni amepita na moja. Watu wanadhani kazi yangu ni kushona. Kushona ni nusu tu. Nusu ya pili ni kumwambia mtu mzima ukweli jinsi anavyoonekana, na hiyo hakuna anayenishukuru.

Barua ya shemeji Athmani, kaka yake mke wangu Mishi, imefika kutoka Mombasa. Anasema barazani kwake pana nafasi ya fundi mmoja, na kwamba Voi ni mahali pa kushuka treni ukala, si mahali pa kukaa. Miaka minne nilikaa baraza lile. Yeye akikata, mimi nikishona. Hata mkasi sikuachiwa. Sitaki kurudi. Lakini wavaa kanzu wa hapa wanahesabika na kila mmoja keshashonewa. Mishi kasema mwezi ukiisha bila wateja wapya atafunga mizigo. Hatanii.

Jumatano, 3 Septemba

Mteja kutoka mlimani. Mwalimu Mwakio, anafundisha shule ya misheni huko Mghange. Anaoa Jumamosi ya tarehe ishirini. Kanzu hataki. Anataka suruali, kizibao na koti, kama picha aliyoikata katika kitabu cha bidhaa kutoka Ulaya. Mzungu kasimama, mkono mmoja mfukoni, anatazama mbali.

Mwalimu anamwogopa baba mkwe. Ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, naye alitaka binti yake Wakesho aende kwa mwenye ng'ombe, si kwa mwenye chaki. Mwalimu anataka siku hiyo mzee amtazame akose la kusema. Nikamhakikishia kwamba atakosa.

Nimempima. Bega la kushoto limeshuka kidogo. Nimemshauri anyoe ndevu na viatu vya njano aviache nyumbani. Amekubali yote bila ubishi. Nimempenda. Akaniambia vijana sita wa Mghange wataoa baada yake na wote wanangoja waone atakavyotoka. Sita. Mishi alisikia kutoka ndani. Usiku tumekula maharagwe ya nazi.

Alhamisi, 4 Septemba

Sijawahi kushona koti la kizungu la sherehe. Nimeandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia.

Jumamosi, 6 Septemba

Dukani kwa Banyani, muuza vitambaa, palikuwa na kipande kimoja tu cha sufu nyeusi. Nikakata suruali kwanza. Nimeikata pana, mkono wangu umezoea upana. Nikakata kizibao. Nikakata mikono ya koti na vipande viwili vya mbele. Kitambaa kikaisha.

Nikaenda kutazama picha ili nijue mgongo unataka kiasi gani. Picha haina mgongo. Yule Mzungu ameelekea huku. Nikaigeuza karatasi. Upande wa pili kuna taa tatu na beseni.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata jibu. Nimefungua kizibao kikuukuu alichoniachia karani. Mbele sufu nzito, nyuma bitana tupu, inayong'aa. Nimekaa nacho saa nzima. Koti la kaki la kazini lina mgongo wa kaki, kweli, kwa sababu mtu wa kazi huinama. Lakini hii ni nguo ya heshima. Muungwana hampi mtu mgongo. Basi sufu ya mgongoni ni ya nini? Wazungu wameweka uzuri wote mbele, nyuma wakaweka bitana, na wamefanya la akili.

Nina hariri ya atlasi, nyekundu, nzuri sana, imebaki kwenye joho la bwana harusi mmoja wa Mombasa. Inatosha mgongo mzima.

Nimemweleza Mishi. Amenisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Umekosa kitambaa, ukapata elimu."

Ijumaa, 12 Septemba

Baada ya sala Mwalimu amekuja kujaribu. Mbele hana kasoro. Ukosi umelala sawasawa, bega la kushoto nimelijaza pamba, halijulikani. Nikamgeuza, nikamshikia kioo. Akakunja uso. Nikamweleza habari ya muungwana na mgongo. Uso ukamkunjuka. Akasema hajapata kuona nyekundu ya namna hiyo. Aliondoka akitembea kinyumenyume kutoka kwenye kioo.

Najisikia fundi.

Jumatatu, 15 Septemba

Koti limekwenda Mghange, limefungwa kwenye shuka. Nimemkataza kulionyesha kwa mtu kabla ya siku yenyewe. Nguo ikionekana mapema hupoa.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimekwisha.

Treni ya Nairobi imesimama jioni, abiria wakashuka kwenda kula. Nilikuwa stesheni kutazama mavazi, kama kawaida yangu. Akashuka Mzungu mmoja wa makamo. Suruali nyeusi, kizibao cheusi, koti jeusi. Yule yule wa kwenye picha, ila mnene. Moyo wangu ulifurahi. Kisha akageuka kwenda kwenye nyumba ya kulia.

Mgongo mweusi. Wote. Mshono mmoja katikati, kutoka kwenye ukosi hadi kwenye pindo.

Nikamfuata nihakikishe. Nimemfuata mpaka mlangoni, uso wangu karibu kugusa koti lake. Mpishi akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia koti. Kwenye joto la humo ndani Mzungu akalivua, na hapo nikakiona kizibao chake. Nyuma bitana. Basi bitana ni ya kizibao peke yake, kwa kuwa koti hukifunika. Mtoto angejua.

Harusi ni keshokutwa. Nimemwambia Mishi. Hakucheka, na hilo ndilo lililonitisha. Kitambaa cheusi cha pekee ndani ya nyumba hii ni mabuibui yake. Amenipa la zamani. Treni ya Taveta inaondoka kesho. Nitashukia Mwatate, keshokutwa nipande mlima alfajiri, nibadili mgongo kabla hajaenda kanisani.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwatate. Treni ilichelewa na sala ya Ijumaa imenipita. Nimekata buibui kwa kipimo nilichokiandika, nikalikunja pindo gizani, sindano ikanichoma kidole. Kichwani narudia tu maneno ya shemeji: nafasi ya fundi mmoja.

Jumamosi, 20 Septemba. Mghange

Naandika kwa kidole kimoja kilichochomwa na sindano na miguu isiyo na hali.

Mlima ule haukuumbiwa mtu wa Mombasa. Ukungu, matope, migomba, na kila niliyemwuliza njia alisema ni hapo tu. Kila "hapo tu" ilikuwa kilima kingine. Nimefika juu kengele ya kanisa inalia. Mwalimu alikuwa mlangoni, kajifunika blanketi kwa ajili ya manyunyu. Watu wote, bibi arusi pia, wameshaingia ndani. Kabla sijamfikia akamkabidhi mwenzake blanketi, akaingia.

Na hapo nikajua jambo ambalo ningelijua mwanzo ningeacha kazi hii kabisa. Kanisani bwana harusi husimama mbele, uso kwa padri, na watu wote hukaa nyuma yake. Kwetu bwana harusi huketi na wanaume wenzake, anatazamwa usoni, yakaisha. Hawa hutazama mgongo. Saa nzima. Mgongo tu.

Sijawahi kuingia kanisani. Mungu anajua nia. Nilivua viatu mlangoni bila kufikiri, kama mtu aingiavyo msikitini, nikamkimbilia. Nilifikiri kumtupia buibui mabegani, nikaona hapana, harusi haina mabibi arusi wawili. Nikafanya la karibu. Nikasimama nyuma yake, nikaishika kanzu yangu huku na huku, nikaitanua.

Watu wakainuka kutazama. Waimbaji wakaacha kuimba, na walikuwa katikati ya wimbo.

Mwalimu akageuza shingo, akaninong'oneza, "Fundi, unaniziba. Watu hawaoni nyekundu."

Padri akauliza mimi ni nani. Ulimi wangu ukajibu wenyewe. "Mimi ni fundi wa nguo hii. Kwetu fundi husimama nyuma ya kazi yake mpaka ndoa ipite."

Uongo mtupu, na ndani ya nyumba ya ibada ya watu. Padri akatazama kitabu chake, nadhani akitafuta palipokatazwa. Hapakuwapo. Akaendelea.

Walipopiga magoti nilichutama nikajifanya natengeneza pindo. Waliposimama nikasimama. Walipotembea kutoka nikatembea nyuma yake, miguu mitupu, kanzu nimeitanua, hatua kwa hatua. Njiani watoto walinifuata nyuma na wao wakatanua mashati yao.

Karamuni ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu alikaa kwenye kiti cha pembeni ambako kila mtu hupita nyuma. Nikasimama hapo. Nyama ikapita. Ndizi zikapita. Kimanga, kile chakula chao cha kupondwa, kikapita mara mbili. Mwalimu kila mara anajisogeza upande ili mgongo uonekane, na mimi najisogeza. Nilimchukia kidogo, Mungu anisamehe.

Baba mkwe alinitazama tangu kanisani bila neno. Nilijua anapanga sentensi yake. Hatimaye akaja, akatuzunguka, akatazama miguu yangu, akatazama kanzu yangu. Nikaitanua kanzu zaidi. Kisha akamwambia Mwalimu, polepole, "Sikujua kuwa una mtu."

Akarudi kwa wazee wenzake. Nikamsikia akiwaeleza kwamba wenye ng'ombe wapo wengi, lakini yeye hajapata kuona kijana wa Mghange anayefuatwa na fundi wake. Mwalimu alikaa wima mpaka nikaiogopea mishono.

Jua likaanza kushuka. Nilikuwa nimeanza kuyumba kwa njaa. Ndipo Wakesho, bibi arusi, akainuka mahali pake, akaja akasimama kando yangu. Hatukuwa tumepata kusemezana. Alisema kwa sauti ya chini, uso mbele, hata hakunitazama.

"Fundi, nenda ukale. Mgongo wa mume wangu nitausimamia mimi sasa."

Nikamuuliza tangu lini amejua.

"Nimepiga pasi koti la padri miaka mitatu," akasema. "Nilijua tangu blanketi lilipotoka. Usimwambie. Amefurahi."

Akachukua leso yake ya kujitanda akaitandika mabegani mwa mumewe, kwa ajili ya baridi, alisema. Watu wakapiga vigelegele kwa huruma yake. Nikaenda nikala. Nililia kidogo juu ya kimanga. Waliokuwa karibu walidhani ni moshi.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimerudi Voi. Mishi kanisikiliza mlangoni, mizigo ikiwa imefungwa nusu. Nilipofika kwenye habari ya watoto na mashati yao alikaa chini kizingitini. Hajaweza kumeza chai mpaka sasa.

Kisha akauliza buibui lake liko wapi. Nilimwambia lipo, ila sasa lina umbo la mgongo.

Alhamisi, 2 Oktoba

Kimya leo. Cherehani imepata mafuta yake.

Koti limeshushwa kutoka Mghange na mtu anayekuja sokoni, pamoja na barua ya Wakesho, mwandiko mzuri. Amemwambia mumewe kuwa nyekundu ni ya siku ya harusi tu, ikipita hugeuzwa ndani. Mwalimu amekubali, akasema hata yeye aliwahi kusikia hivyo. Anaomba mgongo mweusi. Banyani amepokea sufu mpya, nimekata leo asubuhi, mshono mmoja katikati. Ile atlasi nimeitia ndani iwe bitana, mahali pake. Mwalimu akilivua ataiona.

Chini ya barua kuna majina mawili ya vijana wanaooa mwezi ujao. Mmoja anataka koti kama la Mwalimu, ukosi ule ule. Mwingine rangi yoyote, kama nionavyo mimi. Na wote wawili, Wakesho ameandika, wanaomba fundi awepo, asimame nyuma kanisani na atembee nyuma mpaka karamuni, bila viatu, kama ilivyo desturi. Baba yake ameshawaambia kwamba bila hivyo haijakamilika.

Nilifikiri kuandika ukweli. Nilichukua hata kalamu. Nikamwandikia shemeji Athmani badala yake, kwamba namshukuru na ile nafasi ya barazani ampe mwingine.

Mizigo imefunguliwa. Nimemwomba Mishi anitafutie jiwe la kusugulia visigino.