Moto wa Maduka ya Mbao

Jumanne, nyumbani Kaaga

Stima gani? Yale maduka ya mbao yaliyoungua jana usiku yalikatiwa stima mwaka jana, lakini leo mwenye ploti amesimama kwenye majivu akituambia moto umeletwa na stima. Yalikuwa ya mwisho ya zamani kwenye barabara yetu. Mengine yote yamekuwa ghorofa. Na mafundi tayari wanazungushia ploti mabati mapya.

Kinachonisumbua ni maneno yake ya Ijumaa. Alinikuta nikishona pale verandani mwa duka langu. "Mama Kendi, hiyo cherehani ipeleke nyumbani kwanza. Paa linavuja."

Nikaipeleka. Mvua haijanyesha.

Halima, jirani yangu pale madukani anayeuza vitambaa, hakuokoa hata leso moja. Leo ameniuliza polepole, "Wewe ulijuaje?"

Nimemweleza yote. Akarudi kuchakura majivu yake.

Jioni mwenye ploti amenipigia simu. Eti ghorofa ikiisha nitapewa chumba cha mbele, mradi nisiongee ovyo. Nimemwambia sikitaki.

Kisha nikampigia Halima: kesho twende polisi pamoja. Akasema atanipitia asubuhi.

Sijui kama ananiamini, au anataka tu kuhakikisha nitaenda.